Ufa Niliosomea

Jumamosi ya juzi nilimjibu mwalimu asiye wangu, na mjukuu wangu akaninunia hadi jioni.

Ilikuwa hivi. Huyu msichana yuko sekondari, na kichwa chake ni wembe, hilo nalisema bila aibu. Jumamosi asubuhi wao husoma kwa simu. Anaiegemeza kwenye kopo la sukari, na mwalimu anatokea. Mwalimu mwenyewe yuko Kisumu. Wanafunzi wengine wako Garissa, wengine Kitale, kila mmoja na kidirisha chake. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni nachambua maharagwe, masikio yangu yako ndani. Mwalimu akafundisha weee, kisha akauliza, "Mmeelewa?" Kimya. Akauliza tena. Kimya kile kile. Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikapaza sauti: "Hawajaelewa, mwalimu! Rudia polepole!"

"Cucu!" Hivyo ndivyo wajukuu wanavyoniita, cucu, yaani nyanya. "Maiki iko wazi! Darasa zima limekusikia!"

"Basi ni vizuri. Mwalimu hawakuwa wakimsikia, angalau mimi wamenisikia."

Mwalimu alicheka, na akarudia. Mjukuu wangu alijifunika uso kwa leso. Mimi nikarudi kwa maharagwe yangu, lakini akili ilikuwa imeshateremka hadi Kanja nilikokulia, hadi kwenye ufa.

Wacha nikuambie kuhusu huo ufa, rafiki yangu.

Nilikuwa msichana mwenye pengo la meno ya mbele wakati mama alipojifungua. Kaka yangu alienda shule. Mimi nikafungwa mtoto mgongoni. Hakuna aliyeona vibaya. Kahawa ilikuwa imeiva, mama alipaswa kuchuma, mtoto alihitaji mgongo, na mgongo uliokuwa hauna kazi ulikuwa wangu.

Shule ilikuwa juu kidogo ya shamba letu: darasa la udongo lililokandikwa na akina mama, paa la mabati. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka, ufa wa kuingiza mkono hadi kiwiko. Na ndani, juu ya meza ya mwalimu, kulikuwa na redio. Siku fulani za wiki mtu alisema kutoka huko ndani ya redio, akafundisha watoto wa nchi nzima kwa wakati mmoja. Betri zikichoka, mwalimu alizianika juani juu ya jiwe, kama vile mama alivyoanika mtama, na zikipata joto yule mtu alipata nguvu ya kusema tena. Mimi sikujua kalenda. Nikiona betri ziko juani, nilijua leo kuna somo.

Basi nilikuwa naenda. Nilichoma ngwaci kwenye majivu, nikaipondaponda, nikaifunga kwa jani la mgomba. Kiazi hicho kitamu kilikuwa cha mtoto, si changu. Akilia mtoto, mimi nimekwisha: mwalimu atatoka na kiboko, na mama atasikia. Kwa hiyo nilisimama nyuma ya ukuta, sikio kwenye ufa, nikimlisha mtoto ngwaci kwa kidole juu ya bega. Harufu ya chaki ilinijia, na harufu ya sweta zilizonyeshewa. Nilijiuliza mengi. Huyu mtu ananiona? Analala wapi? Mbona anatujua kuwa tuko wengi ilhali hajawahi kupanda hiki kilima chetu?

Siku moja aliuliza, "Watoto, ni nani kati yenu amewahi kuona bahari?" Akanyamaza, akisubiri. Darasa likanyamaza pia. Bahari gani tena, na sisi maji mengi tuliyoyajua ni ya mto? Lakini mimi nilikuwa nimelelewa na cucu wangu, na kwake swali la mtu mzima haliachwi lianguke chini. Ukimnyamazia mkubwa, umemtukana. Nikaingiza mdomo kwenye ufa nikaita: "Hapa hakuna aliyeiona, baba! Wewe tuambie tu!"

Darasa liliangua kicheko hadi mabati yakalia. Mwalimu akatoka, akazunguka, akanikuta.

"Nani amekutuma ujibu redio?"

"Hakuna, mwalimu. Lakini wote walinyamaza. Atafikiri sisi hatuna adabu."

"Wewe unafikiri anakusikia?"

"Mimi namsikia. Mbona yeye asinisikie?"

Mwalimu aligeuza uso. Nilifikiri amekasirika, kumbe anazuia kicheko. Akamwangalia mtoto aliyekuwa amepakwa ngwaci hadi kwenye kope. "Keti pale karibu na mlango," akasema. "Mtoto akilia, unatoka. Akinyamaza, unakaa."

Nikuambie, hakuna mtoto aliyewahi kubembelezwa Embu nzima kama yule. Nilikaa sakafuni, yeye katikati ya miguu yangu, tukiandika herufi kwa kidole kwenye vumbi. Yeye alizifuta kwa makalio, mimi naandika tena. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma. Kaka yangu aliona haya kuwa darasa moja na mimi. Mimi haya sikuwa nayo, nilikuwa na maswali.

Kisha ikaja harambee ya kujenga darasa la mawe. Furaha iliyokuwepo! Wanaume walichonga mawe, akina mama wakabeba mchanga kutoka mtoni wakiimba. Nami nilibeba, mchanga kichwani, mtoto mgongoni, nikiimba kuwashinda wote. Darasa likaisha, likapakwa chokaa, likapata mlango wa mbao wenye komeo. Likapata na mwalimu mpya. Alituangalia mimi na mtoto akasema, "Hapa ni shule, si mahali pa kulelea watoto." Akafunga.

Nilizunguka nyuma kama zamani. Nikaweka sikio kwenye jiwe. Lilikuwa baridi, na sauti ya yule mtu ilikuwa kama nyuki ndani ya kibuyu. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa ulizibwa na ukuta ukajengwa, na mchanga nilibeba mwenyewe.

Nililia hadi nikashindwa kunywa uji. Cucu wangu hakunipapasa, hakuwa mtu wa kupapasa. Alisema, "Jiwe halina mdomo. Nenda uulize wenye mdomo." Basi nikamwandama kaka yangu. Kila jioni, akila, mimi nauliza: leo amesema nini? Na halafu? Kwa nini? Alikuwa akihama na sahani yake, mimi nahama naye.

Leo ile redio haipo, na lile darasa la udongo hata mahali lilipokuwa hapajulikani. Lakini ninachokikosa zaidi ni jinsi sauti moja ilivyokuwa ya kilima kizima. Darasa likirudia somo kwa pamoja, akina mama kwenye kahawa walisimamisha vikapu kusikiliza. Mtoni watu walibishana kama kweli kuna maji yasiyo na ng'ambo. Siku hizi kila mtoto ana mwalimu wake mfukoni, na ni jambo jema, nani atakataa? Mjukuu wangu ana wenzake Garissa na anawajua kwa majina.

Ila Jumamosi hii alikuja mezani na vitu viwili vyeupe, vidogo kama maharagwe, akavitia masikioni. "Ndio usinisumbue, Cucu." Nyumba ikawa kimya. Ule ukuta wa zamani ulichukua kijiji kizima kuujenga. Huu wa sasa unatosha kwenye kiganja, na ameuvaa damu yangu mwenyewe.

Nikavuta kiti nikaketi kando yake. Mdomo wa mwalimu unacheza, sisikii hata neno. Mara akachora mlima, na juu ya mlima moshi, na ndani yake moto.

Nikamgusa bega mjukuu. "Anasema nini?"

"Baadaye, Cucu."

Baadaye gani? Mimi nimezeeka chini ya Mlima Kenya, kila asubuhi nafungua mlango naukuta umesimama pale, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia kama nao uliwahi kuwaka.