Udongo Unaokunywa Bila Kulewa

Afande Erisa alikuwa askari wa magereza miaka ishirini na minane, na duniani alipenda vitu viwili tu: mkewe Janepher, na udongo. Janepher mwenyewe alikuwa akiniambia, "Mama Barasa, huyu mwanamume angeweza kuoa shamba, mimi angenirudisha kwetu jana."

Kwao ni Budondo, upande wa Jinja. Kazi ilimleta Mbale, na alipostaafu akakataa kurudi. Akanunua kipande cha ardhi huku chini ya mtaa wa Malukhu, jirani na kwangu, juu ya kijito. Si bondeni. Bondeni ndiko niliko mimi. Pale kwake pana kama ngazi: unatoka majini, unapanda ukingo unaozidi kimo cha mtu, unafika mahali bapa, ndipo mlima unaanza. Wenyeji wanasema zamani kijito kilipita huko huko juu, kikaacha udongo wake, kikashuka. Mimi niliishia darasa la saba, lakini ukichimba utaona ni kweli. Juu kuna tifutifu ya kahawia iliyokolea, kina cha kutoka kidoleni hadi kiwikoni. Chini yake inakuwa nyekundu kidogo, bado laini. Jembe likifika kiunoni linalia, kwa maana limekutana na changarawe na mawe ya mviringo, ndugu wa haya yaliyo mtoni.

Mvua inyeshe asubuhi, mchana Afande yuko shambani na viatu vyake havina tope. Mimi nilikuwa nangoja siku tatu, huku mihogo yangu inaoza. Alikuwa akiokota konzi ya udongo wake, anaufinya, unashikana. Anaugusa na kidole gumba, unaachana.

"Unaona, Mama Barasa? Udongo hii inakunywa maji, lakini hailewi. Hiyo yako kikombe moja tu, imelala barabarani."

"Habari za walevi umezijulia wapi, Afande?"

"Si ndio nilikuwa nafunga!"

Mwaka juzi presha ikamchukua Janepher. Kirunda, kaka mkubwa wa Erisa, akaja na watu wa ukoo kumchukua marehemu wakamzike Budondo, kwenye makaburi yao, kama inavyotakiwa. Erisa akakataa.

Sababu yake aliitoa mbele yetu sote. Siku ya kumzika baba yao, shimo lilichimbwa kwenye udongo ule wa mfinyanzi wa Budondo, karibu na kinamasi, likajaa maji. Wakachota kwa beseni, likajaa tena. Wakateremsha jeneza, likaelea. Ilibidi wanaume walikandamize kwa mipini ya majembe huku wengine wanafukia.

"Janepher hatalala majini," akasema.

"Mke wetu unamzika ugenini?" Kirunda akauliza.

"Namzika pakavu."

Kirunda akaondoka bila kuonja chakula cha msiba. Kwao, hilo ni kukata undugu.

Basi Janepher akazikwa pale bapa, kando ya maharage yake. Udongo ulichimbika kama unga, na shimo lilikuwa kavu hadi chini. Nikamwambia Afande aweke saruji juu. Akanijibu, "Saruji itazuia mvua, maji ikusanyike pembeni. Wacha udongo ifanye kazi yake." Kisha akapiga hatua kutoka kaburini mpaka ukingoni, akihesabu kwa sauti. Ishirini na sita. Nilidhani ni uchungu tu.

Mwaka ule ule mwenye bohari ng'ambo ya kijito akajenga ukuta wa mawe kukinga mali yake. Kijito kikizuiwa kule, kitaenda wapi? Kikageukia kwetu. Wala maji hayakuhitaji kupanda mpaka juu. Yaliingia chini, kwenye ile changarawe, yakaitoa jiwe baada ya jiwe kama mtu anayekula karanga. Tifutifu ikabaki juu haina miguu, inaning'inia, halafu inaanguka kipande kizima, kama mkate uliokatwa. Na mimi bondeni, mfinyanzi wangu ule aliouita mlevi ulikaa pale pale.

Ishirini na sita zikawa kumi na tisa. Akapanda mianzi, ikaondoka na ukingo. Kumi na nne. Akapanda matete, akapanga magunia ya mchanga, tisa. Akaenda ofisi ya mazingira, wakaja vijana wawili na simu zao, wakapiga picha, wakasema sheria inakataza kulima karibu na kijito.

"Na kaburi nalo linalima?" nikawauliza. Wakaingia garini.

Zilipobaki sita nikamfuata.

"Afande, nenda kwa kaka yako. Mwombe wamhamishie Budondo."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ulikosea."

"Sikukosea. Mahali yake ni kavu mpaka leo."

"Ni kavu, ndiyo. Wiki ijayo itakuwa mtoni."

Akaenda Jumatatu. Kirunda alimweka uani tangu saa tatu mpaka jua likainama, ndipo akamwambia, "Mtu wetu hachimbuliwi kama muhogo. Lazima ukoo uwepo. Tutakuja Jumamosi." Erisa alirudi nusura atabasamu. Jumamosi! Siku tano tu, na kwetu hata wingu hakuna.

Lakini maji ya kijito hayatoki kwetu, yanatoka mlimani. Jumatano mlima ulikuwa mweusi mchana kutwa. Alhamisi asubuhi, jua linawaka, kijito kikaja rangi ya chai ya maziwa, kinabeba magogo. Nilimkuta Erisa amesimama kando ya kaburi na jembe mkononi. Hatua nne.

"Tumtoe sasa hivi," nikasema. "Wewe na mimi. Udongo wenyewe huu! Kabla ya saa sita tumemfikia."

"Ukoo hawako."

"Afande, ukoo watamkuta wapi?"

Akaniangalia kama mfungwa aliyesomewa hukumu. "Mara ya kwanza nilikataa neno yao," akasema. "Mara ya pili siwezi."

Nikamnyang'anya jembe. Akalirudisha kwake, taratibu, bila hasira. Basi tukasimama. Hatua tatu. Hatua mbili. Saa tisa kipande kile kikaenda na kaburi, na hakikupiga hata kelele. Kilitoa sauti ya mtu anayekaa kitini. Majini tuliona rangi ya kahawia ikienea kidogo, kisha tusione kitu.

Jumamosi ukoo wakafika, na nguo ya gome la mti ya kumvika marehemu wameikunja vizuri. Kirunda alitazama ukingo, akatazama maji. Kisha akaomba panga, akakata mgomba katika shamba la ndugu yake, kama inavyofanywa maiti isipopatikana. Wakauvika gome, wakaubeba kwa jina la Janepher. Nami nikaenda nao. Erisa alibeba gunia la udongo wa pale kwake, sehemu iliyobaki.

Budondo shimo lilikuwa tayari, na maji yamefika magotini.

"Gunia la nini?" Kirunda akauliza.

"La kulalia Janepher."

Akalimimina lote. Kweli ulikunywa, kwa muda mfupi maji yakapotea, hata mimi nikashika mdomo. Halafu yakarudi, na ule udongo wa Afande ukawa uji kama udongo wowote. Chini yake hapakuwa na changarawe. Ungeyapeleka wapi?

Erisa akavua viatu, akaomba beseni, akashuka shimoni. Akachota, akamwaga nje, akachota. Wanaume wamesimama na majembe yao, mgomba umelala kwenye mkeka.

Kirunda akachuchumaa ukingoni. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mdogo wangu, toka. Ni mgomba huu. Mgomba hauogopi maji."

"Najua," akasema Erisa.

Akachota tena. Beseni likatoka limejaa, na maji yakarudi pale pale magotini.