Siku Niliyomvua Kinyozi Viatu

Kanuni ya viatu niliitunga mimi. Nalisema hilo mapema kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikisema "kituo kilikuwa na kanuni," kana kwamba ilijiandika yenyewe ukutani.

Kituo chetu kiko Overport, katika nyumba ya zamani yenye baraza ya vigae vyekundu. Asubuhi wanakuja watu waliobeba mizigo miwili kwa mpigo: maradhi ya akili, na pombe au whoonga, ule unga wa mitaani unaovutwa hapa Durban. Wanakunywa chai, wanameza dawa zao, wanakaa na sisi washauri hadi saa tisa, kisha wanarudi makwao. Mwaka ule mteja mmoja aliingiza whoonga ndani ya kiatu, mwenzake akazimia chooni. Nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa naandika. Nikaandika kwamba kila anayeingia avue viatu mlangoni, vikaguliwe, vikae rafuni mpaka saa ya kuondoka. Herufi kubwa tupu.

Na si kwamba sikusoma. Nilitoka Kenya kuja kusomea mambo hayohayo, pale chuoni Westville. Ni mimi niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu namna ya kumhudumia mtu aliyeumizwa: asishtukizwe, aelezwe kila jambo kabla halijafanyika, aachiwe nafasi ya kuchagua. Mjuaji wa kutupwa.

Yule kinyozi aliletwa na dada yake Jumatatu moja. Walikuwa Wakongo, wa upande wa mashariki. Alinyoa katika saluni moja Greyville mpaka mikono ikaanza kutetemeka, na sauti zikawa zinamsemesha hata mteja akiwa kitini. Dada yake aliuza kava za simu nje ya saluni hiyohiyo. Kanisa lilikuwa limemwombea, hospitali ilikuwa imempa dawa, naye alizichanganya na pombe.

"Mama, hapa akishindwa, mimi sina tena fasi ya kumupeleka," dada aliniambia, kisha akakimbia kuwahi meza yake.

Nikamwambia kaka yake avue viatu. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kamba, vimepigwa rangi vikang'aa kuliko kitu kingine chochote alichovaa.

"Hapana, mama," akasema taratibu. "Unipapase mwili muzima, ufungue sac yangu ya mugongo. Lakini biatu, hapana."

"Hapa kila mtu anavua, kaka yangu."

"Eish. Biatu hapana."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika getini. Hapo nikapata wazo ambalo niliona limetoka mbinguni. Kanisani kwetu, Alhamisi ya kabla ya Pasaka, tunaoshana miguu, mkubwa akimpigia mdogo magoti. Nikajiambia huyu anaona anadhalilishwa, basi nijishushe mimi. Nikapiga magoti juu ya vigae, mbele ya watu wote, nikaanza kufungua kamba zake.

Hakupinga. Aliniachia mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Ilikuwa mizito, haikunisaidia hata kidogo. Nilipoinua kichwa, alikuwa anaangalia paa la nyumba ya jirani.

Siku nzima alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Hakugusa chai. Akiambiwa ahame, anahama. Akiambiwa aketi, anaketi. Nikafungua faili lake nikaandika: "Ametulia. Ushirikiano mzuri." Wakati wa chakula nikawasimulia wenzangu jinsi unyenyekevu unavyofanya kazi. Saa tisa, wengine wakigombania viatu rafuni, yeye alipita katikati yao na soksi zake, akatoka getini, akavuka kwenye robot, taa za barabarani, bila kungoja. Nilimwita. Hakugeuka.

Ijumaa akaja dada, peke yake. Aliviona viatu kabla hajaniona mimi.

"Nani alimutosha biatu?"

Nikamweleza nilivyomvua, na magoti na Pasaka juu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaketi kwenye ngazi. Akaniambia kwamba kijijini kwao watu wenye bunduki waliwahi kufunga barabara wakawapanga wanaume mstari mmoja. Walioambiwa wavue viatu walivua, wakapelekwa nyuma ya shule. Baba yao alivua. Kaka yao mkubwa alivua. Huyu alikuwa wa mwisho, na hakuambiwa. Hadi leo hajui kwa nini.

"Mwenye anatosha biatu, mama, harudi," akasema. "Ku nyumba analala nabyo. Ile siku alikuwa anangojea saa yake tu. Siku nzima, hapa kwenu."

"Mbona hukuniambia?" Ndiyo, niliuliza hivyo. Bado nilikuwa natafuta wa kugawana naye lawama.

"Na wewe uliniuliza?"

Fomu yangu ilikuwa na kurasa nne. Iliuliza kila kilichowahi kuingia mwilini mwake, na viatu tuliviomba kabla ya fomu. Nililia, na aibu ikazidi, kwa sababu ikabidi yeye ndiye anibembeleze.

Kaka yake alikuwa amerudia pombe, akilala nje. Nilipompa dada viatu avipeleke, alikataa. "Mupe wewe. Lakini usimuguse. Weka chini, urudi nyuma."

Kanuni niliifuta siku hiyohiyo. Sasa tunamuuliza mtu mlangoni tumkague vipi, na watu hukaa na viatu vyao. Kazi inakwenda vizuri zaidi. Wageni wakitusifu, mimi hujifanya nina shughuli jikoni.

Wiki tatu nilizunguka Greyville na viatu vile kwenye gari. Nilimkuta asubuhi moja kando ya uzio wa uwanja wa mbio za farasi, miguu ameifunga mifuko ya plastiki. Nikaviweka chini, nikarudi nyuma hadi mlangoni mwa gari.

"Kaka, nilikukosea," nikasema. "Sikuuliza."

Alikuwa anaitazama mikono yangu. Nilipoishusha, akasogea, akaketi, akavaa. Kila kamba aliifunga mara mbili. Nilikuwa na gari, kiti chake kituoni kilikuwa wazi, na dada yake alikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Nilitamani sana kumwambia twende.

Alisimama, akajaribu hatua mbili, kisha akanigeukia.

"Sasa naweza kwenda, mama?"

Nikamwambia ndiyo, naye akaenda upesi, bila kutazama nyuma.