Mama Hajui Kaka Alikufaje

Admin, jina langu naomba ubaki nalo mwenyewe. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Sirari. Wazazi wangu wako kijijini, wilaya ya Serengeti, wanalima na kufuga. Hili nimelibeba miaka mitatu, hata mke wangu sijamwambia.

Nilikuwa na kaka mmoja tu, nimwite Marwa. Alikuwa akichimba dhahabu na wenzake maeneo ya Nyakunguru. Mtu wa utani sana, akifika nyumbani hata jirani anajua amekuja. Mwaka wake wa mwisho alibadilika. Mke wake aliondoka na watoto, akawa hapokei simu, akija nyumbani anakaa nyuma ya zizi peke yake. Tukasema ni mambo ya ndoa, yatapita. Asubuhi moja wenzake wakampigia baba simu. Tukaenda, mimi na baba. Marwa alikuwa amejiua.

Wa kwetu mnajua kifo cha namna hiyo kinavyochukuliwa. Mazishi yanaharakishwa, watu wananong'ona, ukoo mzima unasemwa. Tukiwa kwenye gari na mwili, baba akaniambia tutasema ni malaria iliyopanda kichwani, na mama asijue mpaka yeye baba aingie kaburini. Nikaapa. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, na kila akinyamaza ananiuliza kama mwanaye alipata hata mtu wa kumpa maji. Nikawa namjibu alipewa. Mpaka leo huwa ananiuliza.

Sasa ni baba. Tangu mwaka huu uanze amekonda, usiku halali, na kanisani haendi tena wakati ni mzee wa kanisa. Mwezi uliopita alimpa jirani plau yake ya kulimia bure, kisha akaniita anionyeshe mipaka ya shamba kama mtu anayesafiri. Mama anasema ni uzee. Mimi nikamkumbuka Marwa.

Nikamfuata mhudumu wa afya wa kijiji, mama mmoja mtu mzima ambaye kila Alhamisi hukaa na watu waliolemewa na mawazo pale zahanati, wanazungumza. Nilimpa shikamoo, nikamwambia nina rafiki ana shida. Aliniangalia tu, nadhani alijua. Akaniambia nimuulize huyo rafiki waziwazi, kwamba swali halimpi mtu wazo la kufa, linampa nafasi ya kusema.

Nilimkuta baba anapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Nikamsaidia mpaka tukamaliza. Ndipo nikamuuliza, "Baba, unafikiria kujiua?"

Nilitegemea fimbo. Baba akakaa chini kwenye nyasi. Akasema, "Ndiyo, mura, kijana wangu. Kila siku."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Wiki mbili kabla ya kufa, Marwa alimfuata akamwambia amechoka kuishi. "Nikamwambia mwanaume haongei maneno hayo, arudi kazini. Akasema sawa, baba. Akarudi." Hapo baba akalia. Hakulia hata siku tunamzika Marwa. Mimi nilishindwa hata kumshika bega, nilisimama tu na bomba la dawa mkononi.

Nimeomba ruhusa kazini, nimekaa naye wiki nzima. Nilimpeleka hospitali, daktari amempa dawa na tarehe ya kurudi. Mhudumu amekubali kuwa anapita nyumbani kumwona. Lakini wote wawili wamesema asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe, na anayeishi naye ajue hali yake. Anayeishi naye ni mama.

Baba amekubali yote isipokuwa hilo. Anasema mama akijua kwamba ni yeye aliyemrudisha Marwa kazini, hatamtazama tena usoni, na hapo atakuwa hana sababu ya kubaki. Nilijaribu kumwambia mama nusu tu, kwamba mzee anaumwa mawazo. Akaniuliza mawazo ya nini, mtu ana ng'ombe, ana wajukuu. Halafu akaacha kuchambua mboga, akanitazama. "Mwanangu, mnanificha nini?"

Nikasema hakuna kitu, mama.

Jumatatu natakiwa kazini. Nikisema ukweli, nahofia baba atajidhuru. Nikinyamaza, hofu ni ileile, na mama ataendelea kwenda shambani akimwacha peke yake bila kujua anamwachaje. Kaka yangu aliomba msaada akanyamazishwa, na sasa hivi anayenyamaza ni mimi.

Ndugu zangu, kama kwenu iliwahi kutokea hivi, nani alimwambia mama yenu, na alianza na neno gani? Naombeni mnijibu leo.