Nilipungua kilo ishirini na sita, nikakosa nguvu ya kumnyanyua mama yangu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa muda mrefu. Leo naandika nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Mwenye matusi ayashikilie kwanza mpaka amalize kusoma.

Naishi Nyasubi, Kahama. Nina mapacha, kwa hiyo mtaani naitwa Mama Kulwa. Mume wangu ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule Rwamgasa, nyumbani anakuja mwisho wa wiki. Siku nyingine zote tupo mimi, mapacha na mama yangu mzazi.

Mama alipata kiharusi, upande wa kulia umekufa. Kila asubuhi nilikuwa namnyanyua kitandani, namkalisha kwenye kiti uani aote jua. Jioni namrudisha.

Mume wangu hakuwahi kumgusa. Wasukuma wenzangu mnaelewa, mama ni mkwe wake. Mama wa kwetu hata kula mbele ya mkwe hali, sembuse kubebwa naye! Kwa hiyo mikono ya mama ilikuwa mimi. Shikeni hilo hapo.

Sasa mimi nilikuwa na kilo mia moja na nne. Magoti yanalia, sukari inapanda. Nikaona kwenye status ya dada mmoja hapa mjini anauza sindano za kupunguza mwili, unachoma mara moja kwa wiki, hamu ya kula inakata.

Nikanunua. Hakuna kipimo, hakuna daktari. Nilipomuuliza nile nini akanijibu, "Ukiona huli ujue ndiyo inafanya kazi. We vumilia tu."

Na kweli ikafanya kazi, wakuu. Matonge sita tu ya ugali, nimeshiba mpaka kooni. Harufu ya dagaa wa Chato niliokuwa nawapenda ikawa inanitapisha, nikaacha kuwanunua.

Asubuhi chai ya rangi na matobolwa mawili, yale ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa. Mchana uji. Usiku hayo matonge sita na mchuzi. Siku ikaisha hivyo, na najiona shujaa.

Mtauliza nyama je?

Nyama ilikuwepo. Kila mume wangu akija tunachinja kuku. Firigisi ya baba, paja la baba, kidari cha mapacha, kipande laini cha mama. Mgawaji ni mimi, na mgawaji huwa anabaki na shingo. Nimekuzwa hivyo, mama yangu naye kakuzwa hivyo.

Sindano ilipokata hamu ndiyo nikazidi. Hata shingo nikawa nagawa. Shemeji akitokea, chukua. Mtoto akitaka nyongeza, chukua. Wifi yangu alinisifu mbele za watu kwamba Mama Kulwa ni mke kweli, anajinyima kwa ajili ya familia. Nikavimba kichwa!

Mwili ukashuka. Magauni nikayapunguza mara mbili. Kanisani wananizunguka wanataka namba ya yule dada. Wengine walinong'ona kwamba nina ngoma, yaani UKIMWI, maana huku kwetu mtu akikonda hapewi sababu nyingine. Sikujali.

Dalili nilizipata, mjinga mimi. Nywele zinabaki kwenye kitana. Dumu la maji la lita ishirini nalikokota badala ya kulibeba. Mama alikuwa ananitazama tu. Siku moja akaniambia, "Ng'wana wane, mwanangu, umebaki mifupa. Wanaokula hapa ni kina nani?"

Nikacheka. Nikamwambia mama, huu ndio uzima wenyewe.

Jumatatu moja asubuhi, mume wangu ameshaondoka, nikaenda kumtoa mama kama kawaida. Mkono wake mzima ukanishika shingoni. Nikahesabu moja, mbili, nikanyanyua.

Tukafika nusu ya njia. Mikono ikaishiwa nguvu, tukaenda chini wote. Mama chini, mimi juu yake.

Hakulia. Aliniuliza, "Umeumia?"

Yeye ndiye aliyekuwa amevunjika nyonga.

Hospitali daktari aliniangalia mimi kuliko mgonjwa. Akauliza nakula nini, nikamtajia yote. Akauliza, nyama, mayai, maharage, maziwa? Nikamwambia hivyo ni vya baba na watoto.

Akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma. Kwamba sindano ilinipunguzia nafasi tumboni, na ile nafasi ndogo iliyobaki mimi nikaijaza ugali na chai. Mwili ukikosa protini unakula misuli yake wenyewe. Kilo nilizokuwa najisifia, nyingine zilikuwa mikono yangu.

Nilipomweleza mume wangu alisema, "Si ulikuwa unasema umeshiba?" Sijui nimsamehe vipi, maana ni kweli nilikuwa nasema.

Siku hizi nachoma kwa usimamizi wa daktari. Na nakula protini kwanza, kabla sijagusa kitu kingine. Mayai mawili asubuhi. Uji nauwekea karanga na dagaa wa kusaga, harufu nimeizoea kwa lazima. Maziwa ya mgando kidogo kidogo mchana. Maharage ndiyo yanatangulia, ugali unafuata kama nafasi ipo.

Kuku akichinjwa firigisi nachukua mimi. Wifi aliniuliza kama siku hizi nimekuwa baba. Nikamjibu ndiyo, nikaendelea kutafuna.

Nguvu zimerudi, wakuu. Juzi nilibeba ndoo mbili za maji zimejaa, nikapita nazo mbele ya mama makusudi ili aone.

Aliona. Lakini tangu atoke hospitali, nikimsogelea kumnyanyua anashika ukingo wa kitanda. Anasema ananionea huruma, nisije nikaumia tena.

Jua la uani sasa anaota mwisho wa wiki tu. Anamsubiri mume wangu. Yule mkwe ambaye mama hakuwahi kula mbele yake ndiye anayembeba, na akibebwa anajifunika khanga usoni mpaka afike kwenye kiti.

Mnaotumia hizi sindano, na mnaogawa chakula majumbani kwenu, jitengeeni kipande chenu kabla ya wengine. Na kama kuna aliyewahi kumwangusha mzazi wake, naomba aniambie hapa chini, ilichukua muda gani mpaka mzazi akakubali kumshika shingo tena?