Kifuko cha Mchanga Mlangoni pa Jirani

Wivu wangu ulianza na mlango. Nasema wazi, maana watu wakisikia wivu hufikiria mume au mali. Mie nilimwonea jirani yangu wivu kwa sababu ya mlango wa mbao, mwekundu, ambao wala hakuununua.

Tulikaa ghorofa ya saba, jengo la manispaa karibu na mtaa wa Jeppestown, huku kusini kabisa mwa Afrika, yeye upande wa barabarani, mie upande wa nyuma, milango yetu ikitazamana. Mie na cherehani yangu tulikuwa na miaka kumi na miwili mle ndani. Yeye, msusi kutoka Lubumbashi, hata mitatu hakuwa nayo. Manispaa walipoamua kuondoa milango ya zamani na kuweka ile mizito isiyoshika moto upesi, wakaanza na upande wa barabarani. Walipoumaliza, sisi wa nyuma tukaambiwa tungoje. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo kwetu Tanga. Mgeni huyu alipona yeye.

Na juu ya huo mlango kulikuwa na mkono wa chuma. Ukiuachia unajifunga wenyewe, taratibu, bila kubamiza. Wangu ulikuwa unalia usiku na mchana, na chini una pengo la kupita panya na wajukuu zake.

Tena si mlango peke yake. Jirani yangu alikuwa na mama yake. Bibi mwenye pumu, ameletwa kutoka Kongo aje kukaa na binti yake, akishinda kwenye kochi linaloelekea mlangoni. Mama yangu mie alizikwa Tanga nikiwa hapa nangoja karatasi za ukaazi. Kwenda ningekwenda, kurudi nisingeruhusiwa. Basi kila asubuhi nikimsikia yule bibi akimwita binti yake anywe chai kabla haijapoa, roho inaniuma mpaka nashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Sasa, ghorofa yetu ilikuwa na desturi. Kukiwa na mkutano, anayejua lugha huwapelekea maneno wasioijua. Kiingereza na Kizulu nilikuwa navyo mie, kwa hiyo Warundi, Wakongo, wote walikuja kwangu. Siku afisa wa zimamoto alipokuja kusema na wapangaji kule chini, jirani yangu alikuwa mtaa wa Mayfair anamsuka bibi harusi. Aliporudi akaja kukaa kwenye kigoda changu, akaniuliza wamesema nini.

Nikamwambia. Moto ukiwaka, lifti isipandwe. Magodoro yasiwekwe kwenye ngazi. Jiko la mafuta ya taa lisiachwe peke yake. Nikanyamaza. Kulikuwa na moja imebaki, na ndiyo aliyoirudia yule afisa mara tatu: milango mipya isizuiliwe ikakaa wazi, kwa sababu kazi yake ni kujifunga na kuuzuia moshi. Wengine wote niliwaambia. Yeye sikumwambia. Nilijisemea, si ana mlango? Basi na maneno yake akayatafute mwenyewe.

Haikupita wiki akaja na kipande cha jinzi. Mlango ulikuwa unamsumbua, unajifunga kila saa, wateja wanadhani hayupo, na mama yake anakosa hewa na watu wa kusalimiana nao. Akaniomba, yaya, ndivyo alivyoniita, kwao ni dada mkubwa, nimshonee kifuko atie mchanga awe anauzuia.

Nikamshonea. Nilipita mshono mara mbili kisije kikachanika, na nikaweka mkanda wa kubebea. Sijawahi kumshonea mtu kitu kwa uangalifu ule. Kesho yake akaniletea sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, kunishukuru, nami nikaila yote.

Moto ulikuja alasiri, umeme umekatwa. Mpangaji wa chumba cha mwisho aliacha jiko likiwaka, pazia likashika. Nilipochungulia, moshi mweusi ulikuwa unakuja koridoni chini ya dari. Nikafunga mlango wangu, nikaziba lile pengo kwa vitambaa vilivyoloa maji, nikasimama dirishani. Nilikuwa salama. Ndipo nikamsikia bibi anakohoa. Binti yake nilikuwa nimemwona akitoka kwenda dukani, na mlango wake nilijua uko wazi, na nilijua kinachouzuia ni nini.

Nilivuka kwa magoti. Nikakishika kile kifuko kwa ule mkanda nilioushona mwenyewe, nikakivutia ndani, na mlango ukajifunga taratibu kama siku zote. Nikaziba chini kwa taulo mbichi. Nikamburuta bibi mpaka dirishani, nikamshikilia kichwa nje mpaka wazimamoto walipotufikia. Alipona. Lakini tangu alipotoka hospitali, jina la binti yake halimalizi kwa pumzi moja.

Watu wakanisifu, loo, mpaka nikaona haya kupita kwenye ngazi. Jirani yangu akaja kwangu, akanishika mikono yote miwili, akalia. Akishajifuta machozi akaniuliza, hana hili wala lile:

"Yaya, ulijua namna gani kama mlango ikifungwa, moshi haiingie?"

Ningeweza kusema nilibahatisha. Angeamini.

"Walisema siku ile ya mkutano," nikamwambia. "Nilikuficha."

Hakunitukana. Aliuachia mkono wangu mmoja, kisha wa pili, akaenda kwake.

Mlango wangu mpya nimeshawekewa, mwekundu vilevile. Nikifungua nakuta wa kwake umefungwa, na nyuma yake namsikia bibi akimwita binti yake kwa vipande.

Mwezi uliopita afisa wa zimamoto alirudi. Jirani yangu alikaa mbele yangu na kijana wa Kirundi aliyejifunza Kizulu juzijuzi tu. Huyo ndiye aliyekuwa anamnong'oneza maneno, nusu anakosea, nami nikamwonea kijana huyo wivu kuliko ule wa mlango. Kila kijana aliponyamaza, jirani yangu alimwinamia na kumwuliza, kwa sauti ya kutosha mie kusikia:

"Ni byote? Hakuna kenye umeacha?"