Ukuta Ulionyooka Pichani

Walimwita Kipanga, kwa kuwa riziki yake ilitoka juu. Miaka kumi na minane alipiga picha za vitambulisho katika chumba chenye pazia jeupe, mpaka dada yake, fundi cherehani, akamwambia, "Mdogo wangu, nyuso za watu zimekuchosha. Panda juu." Akanunua droni.

Asiyemjua angedhani kazi yake ni kurusha. Kazi yake ilikuwa kuchagua: kamera gani, lenzi ipi, kwa jua gani. Lenzi pana ni nyepesi, betri inadumu, na jengo zima linaingia kwenye picha moja. Lakini hupinda mistari ya pembeni, kuta zikaonekana zina kitambi. Hilo halikumsumbua. Alirudi kwenye kompyuta akazinyoosha, wateja wakamsifu kwa jicho kali. Kukosea hakukuwa desturi yake. Mchuzi wake ukizidi chumvi, mwenye makosa ni chumvi.

Asubuhi moja mwenye jengo la ghorofa nne alitaka picha mpya za tangazo, kama zile Kipanga alizompigia mwaka uliopita kwa lenzi pana. Chini ya jengo hilo ndipo dada yake alipokuwa na karakana, yeye na wanawake kumi na mmoja. Safari hii Kipanga alifunga lenzi ya milimita hamsini, isiyopinda mistari, akaongeza kasi ya shata ili upepo usiitikise picha, akarusha.

Kwenye skrini, ukuta wa nyuma ulikuwa umetoa tumbo.

"Lenzi mpya, tabia za zamani," alinong'ona. Akauweka ukuta katikati ya fremu, mahali ambapo hata lenzi mbovu husema kweli. Tumbo. Akaielekeza droni kwenye jengo la jirani: limenyooka kama rula. Akarudi. Tumbo, na sasa akaona mstari mweusi ukishuka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu mpaka juu ya mlango wa nyuma wa karakana.

Aliishusha droni, akafungua kompyuta ndani ya gari, akaitafuta picha ya mwaka jana, ile ya asili ambayo hakuwa ameigusa. Tumbo lilikuwepo, dogo, kama la mimba changa. Alikuwa amelinyoosha kwa vidole vyake mwenyewe, huku akipiga mluzi.

Alikimbia.

"Dada, tokeni! Ukuta unakuja!"

"Unakuja wapi? Una miguu?" dada yake akauliza, wanawake wakaangua kicheko. "Kaa upumue. Sare mia mbili zinatakiwa leo."

Mwenye jengo akaingia kwa makelele. "Kipanga, unanifukuzia wapangaji? Na usiniletee methali ya ufa, naijua!" Akaelekeza kidole juu ya meza ya kupigia pasi, ilipotundikwa picha kubwa ya mwaka jana. "Hiyo alipiga nani? Si ukuta huo huo? Umepinda wapi?"

Wote wakatazama. Ukuta ulikuwa umenyooka, mzuri kuliko kuta zote za mtaa.

Kipanga alimgeukia dada yake.

"Nilikosea. Ulipinda tangu mwaka jana. Nikadhani ni lenzi, nikaunyoosha mimi, kwa kompyuta. Picha hiyo ni uongo wangu."

Dada yake akaweka mkasi chini, polepole.

"Mmesikia? Huyu nimemlea mimi. Alivunja chungu cha mama, akasema sakafu ilisogea. Leo kasema amekosea. Simameni! Acheni kila kitu!"

"Na sare?"

"Zitashonwa na walio hai. Mzee, waite wa ghorofani."

Mwenye jengo aliwatazama wanawake wakitoka bila hata mikoba yao. Kilichomtisha ni hiyo mikoba iliyoachwa. Akapanda ngazi akikimbia.

Saa sita kasoro robo, ukuta ukashuka. Haukuanguka kwa kishindo walichokingoja. Ulikaa chini kama mtu aliyechoka kusimama, kisha ghorofa zikaufuata upande wa nyuma. Watu walihesabiwa mara tatu ng'ambo ya barabara. Hakupungua hata mmoja. Hakuna aliyeshangilia. Vumbi lilipotulia, cherehani kumi na mbili hazikuonekana tena.

Dada yake alimshika mkono.

"Na kile chungu?" aliuliza, macho yakiwa kwenye kifusi.

"Nilikivunja mimi, dada."