Mama Nyuma ya Wanaume

Juzi jeneza lilipita Kariakoo. Wauza viatu wakazima spika, wanaume wakakimbilia kulipokea mabegani, nami nikasikia tena harufu ya udi na karafuu maiti.

Mchana ule wa utotoni mwangu hapakuwa na jeneza. Mdogo wangu alikuwa mchanga, kwa hiyo mjomba alimpakata mikononi, ndani ya sanda. Wanawake walibaki uani wakilia, kama ilivyo desturi yetu. Mama akanishika mkono, tukatoka tukawafuata wanaume.

Mtaa ulinyamaza. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake. Bibi mmoja barazani akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilijua wananitazama miguu, maana nilikuwa peku, na aibu ilinichoma kuliko ile lami.

“Mama Zuhura, rudi nyumbani,” mzee mmoja akasema kwa upole. “Wanawake hawaendi kuzika.”

“Siendi kuzika, baba. Namsindikiza. Hajawahi kutoka bila mimi.”

Mzee akainamisha kichwa. Mbele yetu, mjomba akapunguza mwendo.

Kwenye lango la makaburi Mama alisimama mwenyewe, bila kuambiwa. Tulingoja juani mpaka mjomba akatoka, mikono mitupu.

Wakati wa kurudi nilimwomba Mama radhi kwa kumwaibisha, kwamba nilisahau viatu. Akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu, kisha akaitazama yake. Naye alikuwa peku.